Kabichi za Mtakatifu Yakobo

Mzee Maximilian wa Michenga alikuwa na mambo mawili ambayo hakukubali kubishana na mtu: imani yake na tarehe za kupanda kabichi. Kuhusu imani hakuna aliyemchokoza. Kuhusu kabichi alichokozwa na jua lenyewe, kila mwaka, mbele ya kijiji kizima, na bado hakusikia.

Tarehe hizo alizirithi kwa baba yake, juu Mahenge, naye baba yake alifundishwa na bruda mmoja wa misheni aliyependa mboga kuliko mahubiri. Mbegu zinaingia kitaluni siku ya Mitume Petro na Paulo, mwishoni mwa Juni. Miche inahamishiwa kwenye matuta siku ya Mtakatifu Yakobo, Julai ikielekea kwisha. Kisha mtu anamwagilia, anapalilia, anasali, na ikifika Watakatifu Wote, mwanzoni mwa Novemba, anakata kabichi ngumu, ile ambayo ukiipiga kofi inaitika. Enzi hizo huko juu ukungu ulilala mpaka jua limepanda, na watoto walikwenda shule wakitoa mvuke mdomoni. Kabichi ilifunga kichwa kwa raha zake. Hakuna aliyewaza kwamba kazi ile inafanywa na baridi. Sifa zote walipewa watakatifu.

Maximilian alipooa, aliona ardhi ya kwao ni miteremko na mawe, akateremka bondeni kutafuta mpunga. Alichukua mke wake Paulina, godoro, sufuria mbili, jembe na tarehe za baba. Baridi aliiacha mlimani, maana haikunjiki ikaingia kwenye gunia. Baba yake, ambaye hakutaka aondoke, alimsindikiza hadi barabarani na kumwambia, "Huko unakokwenda ni kwa mbu na mpunga. Siku utakayoniletea kabichi iliyofunga huko, nitakubali kwamba umehama. Kabla ya hapo, umepotea tu."

Labda mzee alitania. Wapo wazee wa Kipogoro wanaojua kutania huku wamenuna, ukashindwa kujua ucheke au uombe radhi. Lakini Maximilian aliyabeba maneno yale kama kiapo. Hakuupanda tena mlima ule, isipokuwa siku ya kumzika baba, na hata siku hiyo alisimama nyuma ya waombolezaji, mikono mitupu, akateremka kabla ya kuanua matanga.

Mpunga ulimpokea vizuri. Alipata nyumba ya bati, akasomesha watoto, akawa mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo, mtu wa kuheshimika. Kabichi ndiyo iliyomkatalia. Huku bondeni maji ya masika yanaondoka mashambani kuanzia Mei, halafu kipupwe kinapita mbio: Juni, Julai, kipande cha Agosti, watu wanatoa mablanketi, wanakohoa kidogo, basi. Kabichi iliyohamishiwa shambani siku ya Yakobo ilikuta baridi inafunga mizigo. Ilipofika saa yake ya kukunja majani, ilikuwa Oktoba, na jua la Oktoba la Ifakara halimhurumii hata mwenye kofia. Kabichi ikatanua majani pande zote kama mwavuli, na moyoni hamna kitu.

Kila mwaka alikuwa na sababu. Mwaka mmoja mbegu zilikuwa feki. Mwaka uliofuata ilikuwa viwavi. Kuna mwaka alimshuku mama mmoja aliyekuwa akipita kando ya bustani kwenda kuteka maji na kusifia sana, akamwomba padri aje kunyunyiza maji ya baraka. Padri alikuja, akanyunyiza, na kabichi zikatanuka kwa baraka zote.

Afisa ugani wa kata, binti anayeitwa Rosemery, ambaye wazee walimwita "bwana shamba" hivyohivyo na gauni lake, alimfuata mara kadhaa. "Shikamoo mzee. Baridi yetu huku ni fupi. Sia mapema, hata kama mpunga bado uko shambani, ili kichwa kifunge Julai na Agosti."

"Marahaba, mwanangu," Maximilian alimjibu kwa upole wote. "Wewe umesoma Morogoro. Baba yangu alisoma kwa bruda." Rosemery alitazama viatu vyake vilivyojaa tope, akaaga.

Aliyefurahia mambo haya ni mmoja tu, Ngusa, Msukuma aliyefika na ng'ombe wake miaka ya nyuma na kujenga ng'ambo ya mfereji. Kila Oktoba aliitwa kuja kuchukua yale majani. Ng'ombe walikula mpaka wakasinzia, na Paulina akaletewa maziwa. "Mzee, Mungu akuzidishie," Ngusa alikuwa akisema, na Maximilian hakujua kama ni dua au ni kejeli.

Kilichomuuma zaidi ni simu. Kaka yake Egidius, aliyebaki Mahenge kwenye bustani ya baba, alimpigia kila mwisho wa Oktoba. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za watoto, lilikuja swali.

"Zimefunga?"

"Zinaelekea," alijibu Maximilian.

Zilielekea miaka thelathini na ushee. Naye akiuliza, "Na zako, kaka?" jibu la Egidius lilikuwa neno moja tu: "Mawe." Baada ya hapo Maximilian alikosa hamu ya chakula, na Paulina alijua ametoka kuzungumza na Mahenge.

Sasa, wiki moja baada ya Pasaka, simu ilipigwa nje ya msimu wake. Egidius alisema atateremka sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, katikati ya Agosti. "Nina neno. Siyo la kwenye simu. Nataka na hizo kabichi zako nizione kwa macho, kabla sijafa."

Maximilian alikaa kwenye kigoda muda mrefu. Yakobo ni mwisho wa Julai. Kupalizwa ni katikati ya Agosti. Kaka yake angefika na kukuta miche mifupi kuliko kidole, na miaka yote ile ya kuelekea ingeishia pale, mbele ya mtu pekee duniani ambaye bado anaweza kumwambia "umepotea" kwa sauti ya baba.

"Basi panda sasa," alisema Paulina, akipepeta mchele.

"Sasa? Sasa ni mtakatifu gani?"

"Watakatifu wako mbinguni, Baba Levina. Huko hawali kabichi."

Alimkemea kwa kukufuru. Lakini siku ya Mei Mosi, wanakijiji walipokwenda mjini kwenye sherehe za wafanyakazi, na wengine kanisani, Maximilian alikunja suruali, akabeba mbegu mfukoni, akaingia kwenye maji ya shamba lake mpaka magotini. Palikuwa na sehemu moja tu kavu, kichuguu kikubwa katikati ya mpunga. Alikisawazisha juu, akasia mbegu, akazifunika kwa kichanja cha nyasi zisipigwe na mvua. Miaka yote alisia huku akisali fungu zima la rozari. Safari hii hakujua amsalie nani, akafukia kimyakimya na kuondoka akitazama nyuma kama mtu aliyeiba.

Jirani alimwuliza kule kichuguuni kuna nini. "Mchicha," akasema. Ulikuwa uongo wa kwanza wa msimu ule.

Aibu kubwa ilikuja Juni. Michenga ina sheria moja isiyoandikwa popote: mpunga kwanza. Mpunga ukiwa umekomaa, hakuna kuoa, hakuna kesi, hakuna kuumwa ovyo. Watu wako shambani na miundu, kwelea wako juu yao, na mwanamume anayeshughulika na kitu kingine anahesabika kama mgonjwa. Ndicho kipindi hicho Maximilian alichoanza kuinua matuta kando ya mfereji. Paulina alivuna na vibarua, na kila aliyepita alimpa pole. "Mzee anaendeleaje?" waliuliza kwa sauti ya chini. Naye Paulina, ambaye hakuwa mtu wa kupoteza nafasi, alijibu, "Tunamwombea."

Ngusa alimletea samadi kwa mkokoteni, akawaza majani ya mwaka huu yatawahi. Aliridhika sana.

Kipupwe kikaja. Asubuhi watoto walikwenda shule wamevaa masweta, wazee wakaota moto mpaka jua liwake vizuri. Maximilian alikuwa bustanini kila alfajiri. Mwanzoni majani yalikuwa yale yale aliyoyazoea, mapana na yenye kiburi. Halafu, Julai, aliona jani moja katikati limejikunja ndani. Siku chache baadaye lilikuwa limefunikwa na jingine. Alichuchumaa, akaliminya kwa vidole viwili. Lilikuwa gumu.

Mtu angetegemea apige vigelegele. Aliona uchungu. Ikiwa zinafunga sasa, bila Petro, bila Paulo, bila Yakobo, basi miaka yote ile hapakuwa na mbegu feki, wala kijicho, wala viwavi. Kulikuwa na yeye tu na tarehe za baba. Baba hakukosea, alikuwa sahihi, mahali pake. Aliyekosea ni mwana aliyezibeba tarehe na kuacha hali ya hewa. Alilia kidogo pale kwenye matuta, halafu akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona.

Aliyemwona alikuwa Ngusa, amesimama na fimbo yake ng'ambo ya mfereji, akamsalimu kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mzee. Hizi zina ugonjwa gani? Mbona zimejifunga? Sasa ng'ombe wangu wale nini?"

"Nyamaza, Ngusa. Usimwambie mtu."

Na hapo ndipo mambo yalipogeuka kichwa chini. Kabichi zilipokuwa za aibu, kijiji kizima kilizitazama kwa nafasi. Zilipofunga, mwenyewe akazungushia wigo wa matete asizione mtu.

Egidius alifika siku moja kabla ya Kupalizwa, kwa basi, mzee mwembamba wa koti zito, ameshika furushi lililofungwa kwa kitenge. Alipokea shikamoo ya mdogo wake na kusema, "Nipeleke bustanini." Hata maji hakunywa.

Maximilian alisogeza wigo. Egidius alitembea kati ya matuta, mikono nyuma, kama baba alivyokuwa akitembea. Alisimama. Akainama, akaipiga kabichi moja kofi. Iliitika. Alipiga ya pili. Akasimama tena, akatazama mbali, kisha akashika njia ya nyumbani.

Paulina aliandaa wali, kuku wa kienyeji, na bakuli la kabichi iliyokaangwa na karoti. Egidius alikula kabichi kwanza, taratibu, kisha akauliza bila kuinua macho:

"Ulihamisha miche Yakobo?"

Paulina alisimamisha upawa hewani. Maximilian alikuwa na usiku mwingi wa kujiandaa kwa swali hili, na katika usiku wote ule alikuwa amepanga kusema kweli.

"Yakobo," akasema. "Kama baba."

"Wiki tatu zilizopita."

"Huku kuna joto, kaka. Vitu vinakimbia."

Egidius alitikisa kichwa polepole, akavuta lile furushi na kulifungua mezani. Ndani yake mlikuwa na keni ya kumwagilia, ya bati, iliyotengenezwa na bruda kwenye karakana ya misheni, mdomo wake umebondeka upande mmoja pale Maximilian alipoiangusha akiwa mtoto na kuchapwa.

"Zangu hazifungi," alisema Egidius. "Mwaka wa sita huu. Ukungu siku hizi unaondoka mapema, jua linawaka hata kwetu. Ninapanda Yakobo, ninamwagilia na keni hii hii, zinatanuka tu. Ukiniuliza nasema mawe. Mawe yenyewe nilikuwa nayanunua sokoni, watu wasijue. Nilisema ni adhabu, nimemkosea baba mahali. Basi nimekuja kukupa keni. Baraka yake imehamia kwako. Bustani ya kule naiacha iote majani."

Maximilian aliitazama ile keni. Kibali cha baba ndicho alichokuwa akikitaka tangu siku ile barabarani, akiwa na godoro kichwani. Kilikuwa hapo, mezani, karibu na bakuli la kabichi. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza si kazi ngumu. Aliwaza bustani ya baba imeota majani. Akawaza kaka yake kwenye basi, akirudi na adhabu isiyokuwepo.

"Kaka," akasema. "Siyo Yakobo. Nilisia Mei Mosi. Juu ya kichuguu. Nilimficha kila mtu. Hapakuwa na baraka yoyote, kulikuwa na baridi."

Egidius aliendelea kutafuna. "Najua," akasema.

"Unajua?"

"Mimi ni mzee, mdogo wangu, si mjinga. Kabichi ya wiki tatu haipo hata peponi. Nilijua palepale bustanini. Nilikuwa nangoja nione kama utaniacha nipande basi na ule uongo."

Paulina aliteremsha upawa na kuwapakulia wote wawili tena bila kuuliza. Macho yake yalikuwa mekundu, akasingizia moshi. Maximilian aliomba radhi kwa maneno yaliyochanganyikana, na Egidius akamwambia anyamaze ale, maana wote wawili wameongopa kiasi cha kutosha kwenye simu.

Baadaye, wakinywa chai, Egidius aliuliza jambo lililokuwa linamsumbua. "Hiyo Mei Mosi, kwani ni ya nani?"

Maximilian alifikiri, kisha akafungua mdomo na kuuacha wazi. Siku zote aliiona siku ile kuwa ya serikali. "Ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi," akasema.

"Yosefu! Baba mlishi wa Bwana wetu! Na wewe ulikuwa unajificha?"

Nyuso zao zikang'aa. Ilikuwa kana kwamba mzigo wa miaka umetuliwa chini: hawakuwa wamevunja utaratibu wa baba, walikuwa wamebadilisha mtakatifu tu. Walizungumza mpaka chai ikapoa. Petro na Paulo walishukuriwa kwa utumishi wao mrefu, Yakobo akaachiwa mahujaji, maana ndiye mwombezi wao. Maximilian, akiwa sasa mtu aliyefunga kabichi, alinyoosha kidole na kumwelekeza kaka yake kwa sauti ya mamlaka: Mei Mosi kusia, juu ya sehemu iliyoinuka, kichanja cha nyasi, miche mwanzoni mwa Juni, kula Kupalizwa. Hivyo hivyo, bila kupunguza wala kuongeza.

"Lakini kule ni mlimani," alisema Paulina kutoka jikoni. "Mei bado mnanyeshewa. Kwa nini asimuulize mtu wa kulekule?"

"Mama Levina," alisema Maximilian, "tunazungumza mambo ya kilimo."

Egidius aliondoka kesho yake baada ya misa. Keni alirudi nayo, kwa sababu sasa ilikuwa na kazi. Kwenye gunia alibeba kabichi mbili, moja ya kula na moja ya kuweka kaburini kwa baba. Kwa hiyo kabichi ya bondeni ilifika Mahenge hatimaye, ila aliyeipeleka hakuwa yule aliyeagizwa, na Maximilian alilifikiria hilo usiku ule.

Mwaka uliofuata alisia siku ya Yosefu, mchana kweupe, na rozari juu. Majirani wanne walimwiga. Rosemery alipita, akatazama vitalu juu ya vichuguu, akasikia vyote ni kwa heshima ya mtakatifu, akaandika anachoandika na kwenda zake akitabasamu. Ngusa alitangaza kwamba maziwa yamepungua.

Kabichi zikafunga. Agosti ilipofika, Maximilian hakungoja kupigiwa. Alikaa kwenye kigoda, akabonyeza namba ya Mahenge, akapokelewa, akatoa shikamoo, akauliza habari za watoto, kisha, kwa furaha ambayo hakuificha, akauliza:

"Zimefunga?"

Alisikia upepo wa huko juu, na mtu akikohoa kwa mbali.

"Zinaelekea," alisema Egidius.

Maximilian alilijua neno lile. Alijua linavyokaa mdomoni, alijua mtu anatazama wapi anapolisema. Aliona, kama yuko palepale, miche iliyooza kwa mvua ya Mei, na mzee mwembamba wa koti zito akiitazama na keni mkononi, akijiuliza ni wapi amemkosea Mtakatifu Yosefu. Moyo ulimchoma kuliko Oktoba zake zote.

"Kaka," akasema, "usimwambie mtu. Wala usiende sokoni. Nakuja."

Hakusema anakwenda kumfundisha. Alimwomba Paulina amtafutie blanketi, akaenda bustanini, akakata kabichi moja na kuitia kwenye gunia. Paulina alimwuliza atakaa huko siku ngapi.

"Sijui," alisema. "Nataka kwanza nikae pale nje, asubuhi na jioni, niisikilize baridi yao."

Halafu akaondoka kwenda stendi, kumpelekea baba kabichi yake.